Kufunga kizazi kabla ya mtoto wa kwanza: Yajue haya kabla hujaenda kliniki

KUNA swali ambalo mhudumu wa kliniki ya kupanga uzazi huuliza karibu kila mara mtu anapofika akitaka kufungwa kizazi. “Una watoto wangapi?” Ukijibu watano, ataandika na kuendelea na mambo mengine. Ukijibu wawili, atakutazama mara ya pili. Ukijibu kwamba huna hata mmoja na hutarajii kupata, kalamu itawekwa chini.

Kuanzia hapo mazungumzo hugeuka kuwa mawaidha. Utaambiwa uolewe kwanza. Utaulizwa mumeo anasemaje, hata kama umeeleza kwamba huna mume. Utaambiwa urudi ukitimiza miaka 35. Ukiwa mwanamume, huenda ukachekwa na kuulizwa ni nini kilichokukosesha akili.

Makala haya yanakuhusu wewe uliyewahi kuwekewa kalamu chini. Yanakuhusu pia wewe ambaye binti yako, kaka yako au mchumba wako amekueleza kwamba hataki watoto maishani, nawe hukulala usiku huo. Hatukusudii kukushawishi wala kukuzuia. Tunataka tu ufahamu upasuaji huu hufanya nini, haufanyi nini, na ni wakati gani watu huujutia.

Jambo la kwanza ni jina. Lugha yetu ina maneno ya kumwita mtu asiyeweza kuzaa: tasa, mgumba. Haina neno la kumwita anayeweza lakini hataki. Ndiyo maana jamaa wanaposikia habari hizi hudhani una ugonjwa unaouficha, au kwamba umerogwa. Katika jamii nyingi za humu nchini mtoto wa kwanza hupewa jina la babu au nyanya yake, kwa hivyo anayekataa kuzaa huonekana kana kwamba amekataa kuwarudisha wazee wake nyumbani. Huo ni uchungu wa kweli, na si haki kuuita ujinga.

Hata hivyo, nyakati zimebadilika sana. Utafiti wa kitaifa wa miaka ya 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa wastani wa watoto wanane. Kufikia utafiti wa mwaka 1993 idadi hiyo ilikuwa imeshuka hadi takriban watano, na katika ule wa mwaka 2022 ilikuwa 3.4. Wanaoamua kutozaa kabisa bado ni wachache, lakini wapo, na baadhi ya wanawake vijana wa Nairobi wamejitokeza hadharani katika miaka ya majuzi na kusema kwamba walifungwa kizazi bila kuwahi kuzaa.

Mirija ya mwanamke

Mwanamke ana mirija miwili ya uzazi, kila mmoja una urefu wa takriban sentimita 10. Yai likitoka kwenye ovari hupitia humo kuelekea kwenye mfuko wa uzazi, na ni humo ndani ya mrija ambamo hukutana na mbegu ya mwanamume. Kufunga kizazi ni kuiziba njia hiyo. Daktari anaweza kuikata mirija na kuifunga, kuibana kwa kibanio au kuivisha pete ndogo.

Njia inayotumika sana katika hospitali zetu ni ya kupasua sehemu ndogo ya tumbo, juu kidogo ya kinena. Jeraha lake halizidi sentimita tano. Mgonjwa hudungwa ganzi mahali hapo, hupewa dawa ya kumtuliza, na shughuli yote huchukua chini ya nusu saa. Katika hospitali kubwa hutumika kifaa chenye kamera kinachopitishwa karibu na kitovu. Hicho huacha kovu dogo zaidi, lakini kwa kawaida humlazimu mgonjwa kulazwa usingizi na gharama yake ni kubwa zaidi. Kwa njia zote mbili, wengi huenda nyumbani siku hiyo hiyo. Utakuwa na maumivu kwa siku mbili tatu, na usibebe ndoo ya maji wala gunia kwa muda wa wiki moja.

Siku hizi kuna madaktari wanaopendelea kuiondoa mirija yote miwili badala ya kuifunga. Sababu ni kwamba imegunduliwa saratani nyingi zinazoitwa za ovari huanzia mwishoni mwa mirija hiyo. Ukiiondoa unapunguza hatari hiyo. Lakini mirija ikishatolewa haiunganishwi tena, na anayetaka mtoto baadaye atahitaji utungishaji wa mimba katika maabara, ambao bei yake ni ya kununulia gari.

Kama upasuaji wowote, huu nao una hatari zake: kutokwa na damu, jeraha kuingia viini, au chombo kujeruhi utumbo au kibofu. Matatizo makubwa hutokea kwa nadra. Ukiona homa, usaha, tumbo kuvimba au maumivu yanayozidi badala ya kupungua, rudi hospitalini mara moja, usingojee siku uliyopangiwa.

Mwanamume: dakika 20, kisha miezi mitatu

Upasuaji wa mwanamume ni mdogo zaidi, salama zaidi na rahisi zaidi kuliko wa mwanamke. Inashangaza basi kwamba humu nchini wanaume waliofungwa ni wachache mno, hawafiki hata mmoja kati ya mia. Mwaka 2016, siku ya kimataifa ya kuhamasisha watu kuhusu upasuaji huu iliadhimishwa hapa Nairobi, na wanaume walipasuliwa bila malipo. Magazeti yaliandika, watu wakacheka, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa.

Kisu chenyewe hakihitajiki siku hizi. Mwaka 1974 daktari mmoja wa Uchina, Li Shunqiang, alibuni njia ya kutoboa tundu moja dogo kwenye ngozi ya mfuko wa korodani baada ya kuutia ganzi. Mrija unaopitisha mbegu huvutwa kupitia tundu hilo, hukatwa na kufungwa, kisha wa upande wa pili hufanyiwa vivyo hivyo. Tundu halihitaji hata kushonwa. Shughuli nzima huchukua kati ya dakika 15 na 30.

Sasa soma sehemu hii kwa makini, kwa maana ndiyo inayovunja ndoa. Mwanamume hawi salama siku anapotoka hospitalini. Mbegu zilizokuwa zimepita pale palipokatwa bado zimo njiani. Ni lazima atumie kondomu, au mwenzake atumie njia nyingine, kwa muda wa miezi mitatu, kisha apeleke shahawa zake zipimwe katika maabara ili ihakikishwe kwamba hazina mbegu. Wengi hawarudi kupimwa. Mke akishika mimba mwezi wa pili, mume humshuku kuwa ana mpango wa kando, kumbe mtoto ni wake mwenyewe.

Uvumi

Uvumi mkubwa ni kwamba mwanamume aliyefungwa amehasiwa na kufanywa maksai. Si kweli. Maksai hupondwa au kuondolewa korodani zenyewe, na ndizo zinazotengeneza homoni ya kiume. Kwa mwanamume aliyefungwa korodani ziko pale pale, homoni huingia katika damu kama kawaida, sauti haibadiliki, ndevu hazikauki na nguvu za kiume hazipungui. Hata shahawa zitatoka kama awali, kwa kuwa mbegu zenyewe ni sehemu ndogo sana ya majimaji hayo, isiyofika asilimia tano.

Mwanamke naye huambiwa kwamba hedhi itakoma, damu itajaa tumboni, atanenepa na hamu ya tendo la ndoa itamwisha. Ovari hazikuguswa. Hedhi itaendelea hadi umri wake wa kawaida wa kukoma. Kama ulikuwa ukimeza vidonge au kudungwa sindano ya kupanga uzazi, huenda ukaona hedhi imebadilika baada ya kufungwa, lakini hiyo ni kwa sababu umeacha dawa hizo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau. Kufungwa kizazi hakukingi Ukimwi, kisonono wala kaswende. Tumewahi kusikia vijana wakisema kwamba wakishafungwa wataachana na kondomu. Hilo ni kosa linaloweza kukugharimu maisha.

Je, mimba yaweza kutokea?

Ndiyo, ingawa kwa nadra. Nchini Marekani watafiti waliwafuatilia zaidi ya wanawake 10,000 waliofungwa kizazi kati ya mwaka 1978 na 1987. Baada ya miaka 10, kati ya kila wanawake 1,000, takriban 18 walikuwa wameshika mimba. Hatari si mimba tu, bali mahali inapotunga. Mimba ya aliyefungwa inaweza kujishika ndani ya mrija badala ya mfuko wa uzazi, na mrija ukipasuka mwanamke anaweza kufa kwa kuvuja damu ndani ya tumbo. Kwa hivyo, ukiwa umefungwa kisha ukose hedhi, na hasa ukiwa na maumivu upande mmoja wa tumbo au kizunguzungu, usijiambie kwamba haiwezekani. Nenda hospitalini siku hiyo.

Majuto

Tufike sasa kwenye hoja ambayo madaktari huitumia zaidi wanapokukataa: utajuta. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, na pia si ya kumezwa nzima.

Utafiti huo wa Marekani uliwauliza wanawake, hadi miaka 14 baada ya upasuaji, iwapo walijuta. Kwa waliofungwa wakiwa na umri wa miaka 30 au chini yake, takriban asilimia 20 walisema walijuta. Kwa waliokuwa wamepita miaka 30, waliojuta walikuwa karibu asilimia sita. Tofauti ni kubwa. Ikiwa una miaka 23, daktari anayekusihi usubiri hakuonei, anakuambia jambo ambalo limehesabiwa.

Lakini utafiti huo huo ulipata jambo jingine ambalo kwenye kliniki halitajwi. Wanawake ambao hawakuwa wamezaa kabisa walipofungwa walikuwa miongoni mwa waliojuta kwa uchache zaidi, asilimia sita tu. Yaani aliyekuwa na watoto alijuta zaidi kuliko asiyekuwa nao. Hao ni Wamarekani wa wakati wao, na maisha yao si ya Kayole wala ya Kisauni. Hata hivyo matokeo hayo yanaonyesha kwamba swali la “una watoto wangapi?” si kipimo kizuri cha nani atakayejuta. Shirika la Afya Ulimwenguni nalo, katika mwongozo wake kwa madaktari, halihesabu kutowahi kuzaa kuwa sababu ya kumnyima mtu upasuaji huu. Linalotajwa kuwa la kuangaliwa kwa uangalifu ni umri mdogo.

Ni nini basi huwafanya watu wajute? Kubadilisha mwenzi ndiyo sababu inayotajwa sana. Nyingine ni kuamua wakati ndoa imo matatani, na kuamua kwa kushinikizwa na mtu mwingine. Kwa hivyo, kabla hujamshawishi daktari, jiulize maswali mawili matatu ukiwa peke yako.

Je, unachokimbia ni mtoto, au ni jambo litakalopita? Kukosa kazi hupita. Mume mlevi anaweza kuachwa. Ikiwa unaogopa uchungu wa kuzaa kwa sababu ulimwona dadako akifa, zungumza na mshauri kwanza. Je, ungelikuwa na pesa za kutosha, nyumba na yaya mwaminifu, bado usingetaka? Na huyu uliye naye sasa, ambaye pia hataki watoto, akiondoka kesho na aje mwingine unayempenda ambaye anawataka, utamjibu nini? Anayejibu maswali haya bila kusita, na ambaye jibu lake halijabadilika kwa miaka mingi, yuko tofauti na aliyeamua juzi baada ya kukorofishana na mtu.

Ukisita hata kidogo, zipo njia nyingine. Kipandikizi kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono hukinga mimba kwa miaka mitatu hadi mitano, kitanzi cha shaba kwa miaka 10 au zaidi. Kipandikizi kinafanya kazi vizuri kama kufungwa kizazi, na siku ukibadili nia hutolewa kwa dakika chache. Kuunganisha tena mirija iliyokatwa ni jambo jingine kabisa. Ni upasuaji mgumu, wa bei ghali, unaofanywa na wataalamu wachache, na mara nyingi haufaulu. Anayefungwa huku akijiambia kwamba atafunguliwa akibadili nia hajawa tayari kufungwa.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata huduma bora za afya, zikiwemo za uzazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema kwamba wanaume na wanawake walio katika umri wa kuzaa wana haki ya kuelezwa na kupata huduma za kupanga uzazi zilizo salama na wanazozimudu. Sheria hiyo pia inataka mgonjwa mwenyewe aeleweshwe na kukubali kabla ya kutibiwa. Mgonjwa mwenyewe, si mumewe, si mama mkwe. Hata hivyo kliniki nyingi bado hudai sahihi ya mume, na utakapofika utalazimika kueleza msimamo wako kwa upole na bila kuchoka.

Msingi huo wa idhini una upande mwingine ambao hatupaswi kuusahau. Mwaka 2014 wanawake kadhaa wanaoishi na virusi vya Ukimwi walienda Mahakama Kuu jijini Nairobi wakilalamika kwamba walifungwa kizazi bila idhini yao ya hiari. Baadhi walipewa karatasi watie sahihi wakati wa kujifungua bila kuelezwa vyema. Kesi ilichukua miaka mingi, na hatimaye mahakama ikaamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa. Daktari anayekuuliza maswali mengi leo huenda anakumbuka kesi kama hizo. Mruhusu aulize. Lakini maswali yakiisha, na umeyajibu yote, anapaswa kukuhudumia au kukuelekeza kwa mwingine atakayekuhudumia.

Hospitali za misheni za Kikatoliki hazifanyi upasuaji huu kwa kuwa mafundisho ya kanisa hayauruhusu, hivyo usipoteze nauli kwenda huko. Wanazuoni wengi wa Kiislamu nao hawakubali kufunga kizazi moja kwa moja pasipo sababu ya kiafya. Ikiwa dini ina uzito kwako, zungumza na padri au shehe wako kabla ya upasuaji, kwa sababu baada yake mazungumzo hayo huwa ya toba tu.

Mchumba na wazee

Sheria haikulazimishi kumweleza mtu. Lakini kumficha mwanamume anayekuja kutoa mahari akitarajia watoto, au mwanamke anayekungoja akihesabu miezi, kwa maoni yetu ni udanganyifu, na hugunduliwa. Mtu wa namna hiyo atakutembeza hospitali baada ya hospitali akitafuta ugonjwa usiokuwepo. Mweleze mapema, kabla wazee hawajaketi. Akienda zake, ameenda akiwa na nafasi ya kupata anachokitaka.

Wazazi nao watakuuliza nani atakutunza uzeeni. Usilikasirikie swali hilo. Katika nchi hii mtoto ndiye pensheni ya wengi. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee waliopita miaka 70 Sh2,000 kwa mwezi, na kiasi hicho hakilipi kodi ya chumba kimoja mjini. Ni kweli pia kwamba vijijini wamejaa wazee wenye watoto saba ambao hakuna hata mmoja anayepiga simu. Lakini anayeamua kutozaa ana wajibu wa kuanza kuweka akiba mapema kuliko wenzake, na kudumisha uhusiano na wapwa, binamu na majirani. Jambo hili lilifikirie kwa uzito ule ule unaoufikiria upasuaji.

Ukienda kliniki, andika sababu zako kwenye karatasi ili usibabaike. Eleza ni kwa miaka mingapi umekuwa na msimamo huo na njia gani za kupanga uzazi umezitumia. Uliza ni njia gani ya upasuaji itakayotumiwa, nani atakayekupasua, amewahi kufanya mara ngapi, na gharama yote ni kiasi gani, dawa na kurudi kukaguliwa zikiwemo. Bei hutofautiana sana kati ya hospitali ya umma, kliniki za mashirika ya kupanga uzazi na hospitali za kibinafsi, kwa hivyo uliza zaidi ya mahali pamoja. Mwanamke atapimwa mimba kwanza. Fomu ya idhini isome mwenyewe hadi mwisho, na kama imeandikwa kwa lugha usiyoielewa vyema, sema usomewe.

Nenda na mtu atakayekurudisha nyumbani. Na ikiwa utabadili nia ukiwa tayari umevaa gauni la hospitali, hata kama umekwisha kutia sahihi na kulipa, mwambie muuguzi. Utavaa nguo zako uende nyumbani, na hakuna anayepaswa kukudai sababu.